Miaka 5 Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume: Furahia, Lakini Usiache Kupima

Kumaliza miaka 5 bila saratani ya tezi dume kurudi si jambo dogo. Kama ni baba yako, chinja kuku, mshukuru Mungu. Lakini hapa ndipo familia nyingi hulegea. Mchango uliisha kitambo, grupu ya WhatsApp imenyamaza, na mzee anasema, "Mimi niko sawa tu."

Shida ni kwamba saratani hii inaweza kurudi hata baada ya miaka 5, tena bila maumivu yoyote mwanzoni. Kinachoionyesha mapema ni kipimo cha damu kiitwacho PSA. Tezi ikishatolewa yote, PSA kwa kawaida huwa chini ya 0.1. Ikifika 0.2 na kipimo cha pili kithibitishe, daktari huchunguza zaidi. Ikishikwa mapema, mionzi bado inaweza kusaidia sana.

Kwa hivyo panga pesa ya kipimo kama unavyopanga kodi ya nyumba:

- Uliza hospitali bei ya PSA na tarehe ya kurudi. Baada ya miaka 5, wengi hupimwa mara moja kwa mwaka.
- Gawa bei hiyo kwa miezi 12, uweke kidogo kidogo kwenye akiba ya simu.
- Ukilipa kwa Paybill, hakikisha jina ni la hospitali kabla ya kuweka PIN.
- Tunza majibu ya kila mwaka. Daktari atayalinganisha.

Mzee akisema yuko sawa, mkubalie. Halafu mtumie nauli ya kwenda kupima.