Kivuli Kisichokimbia

Sogeeni, wanangu, niwasimulie siku moja tu ya kawaida, ya mwezi Machi, kwetu Ngamiani, Tanga. Binti yangu ana miaka mitano, anasoma chekechea, na siku hiyo aliniuliza maswali tangu asubuhi hadi usiku.

Asubuhi alimaliza uji wake wa ulezi, akavaa viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Akavitazama, akavivua, akavivaa upya mwenyewe. Nilingoja. Saa moja na nusu tukatoka, kibegi mgongoni, chupa ya maji shingoni.

Jua lilikuwa nyuma yetu, na vivuli vyetu vilitutangulia, virefu kama minazi iliyolala. Akakimbia ili akanyage kichwa cha kivuli chake. Kila akiruka, nacho kinaruka.

"Baba, mbona hakishikiki?"

"Kwa sababu ni chako, mama. Uendako, nacho kinakwenda."

Saa sita mchana nilikwenda kumchukua. Akatazama mbele, akatazama nyuma, akashtuka. "Baba, kimepotea!"

"Tazama miguuni."

Kilikuwa kimejikunyata pale, urefu wake kama kiganja changu, maana jua lilikuwa karibu na utosi. Tukakaa chini ya mwembe, nikamweleza jambo ambalo nanyi mlishike. Kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, mnamo saa kumi na mbili asubuhi. Ndipo Mswahili anapoanza kuhesabu mchana wake: ikipita saa moja, ni saa moja, zikipita sita, jua li juu ya kichwa, ni saa sita. Watu wa London wasingeweza kuhesabu hivyo. Kwao mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na Desemba huchelewa hadi saa mbili imepita.

Saa kumi na moja jioni alikuwa akicheza rede uani. Ghafla akaacha mpira. Kivuli kilikuwa kimerefuka tena, lakini sasa kilielekea mashariki, kule jua lilikotokea asubuhi.

"Baba, nani amekigeuza?"

Swali hilo sikutaka kulijibu kwa maneno matupu. Usiku ulipoingia nilichukua chungwa la Muheza, nikalichomeka njiti ya kiberiti, nikazima taa na kuwasha tochi. "Chungwa ni dunia, tochi ni jua, na njiti ni wewe," nikamwambia. "Haya, lizungushe polepole."

Akalizungusha. Njiti ilipoanza kupata mwanga, kivuli chake kilikuwa kirefu. Ilipoielekea tochi, kikafupika. Ilipozidi kuzunguka, kikarefuka upande wa pili. Tochi haikusogea hata kidogo. Ndivyo dunia inavyojizungusha, wanangu, mara moja kila saa 24, nasi tuko juu yake. Jaribuni nyumbani mwone.

Akaendelea kuzungusha mpaka njiti ikaingia upande wa giza. "Sasa kivuli chake kiko wapi?"

"Hapo chungwa lenyewe limeukinga mwanga. Njiti imo ndani ya kivuli cha chungwa. Na usiku, mama, ni kivuli cha dunia."

Akanyamaza, akatazama dirishani. "Basi sasa hivi tumo ndani ya kivuli?"

"Tumo."

"Mimi na wewe na mama?"

"Na bibi, na mwalimu wako, na mtaa mzima."

Nikazima tochi. Akapanda kitandani, akapitisha mkono kwenye nondo za dirisha, akaunyoosha gizani, akakunja vidole taratibu.

"Baba," akasema kwa sauti ya usingizi, "hiki hakikimbii."