Tochi Gani Itafaa Kikundi Chenu?



Tochi ina kazi nyingi kijijini. Mama wa kikundi cha maziwa huamka saa kumi alfajiri kwenda kukamua. Mhudumu wa afya huitwa usiku wa manane kwa mama aliyeshikwa na uchungu. Na njiani hulala moma, yule nyoka mnene ambaye wengine humwita kifutu. Nyoka wengi wakisikia hatua za mtu hutoroka. Moma hatoroki. Hulala kimya akitegemea rangi yake kufanana na majani makavu, na akikanyagwa ndipo huuma. Kwa hivyo tochi ikizimika katikati ya njia, hilo si jambo la kucheka.

Kikundi kimoja tulichotembelea kilitoa pesa za merigoraundi kikanunua tochi 20 za kuchaji. Dukani ziliwaka hata watu wakafunga macho. Baada ya miezi michache karibu zote zilikuwa zimegeuka vitu vya watoto kuchezea, na mweka hazina hakuwa na la kuwaambia wanachama. Tulikaa na fundi, tukazifungua moja moja. Mengi tunayoandika hapa tulijifunza siku hiyo.

Tuanze na balbu. Balbu ya zamani ina waya mwembamba sana ndani. Umeme ukipita, waya unapata moto mpaka unang'aa. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya umeme huishia kuwa joto; haifiki hata sehemu moja kwa kumi inayogeuka mwanga. Tena tochi ikianguka, waya hukatika. Kuna balbu zilizotiwa gesi ya kriptoni au halojeni, nazo hutoa mwanga mkali na mweupe zaidi, lakini bado ni waya wa moto ule ule, na mawe huisha mbio.

LED haina waya wa kukatika. Ni kipande kidogo kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake. LED nyekundu zilikuwako tangu zamani, lakini mwanga mweupe ulingoja mpaka Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura walipofaulu kutengeneza LED ya buluu yenye nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka wa 2014 walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Tazama LED ya tochi ikiwa imezimwa, utaona doa la manjano. Huo ni unga uliopakwa juu ya LED ya buluu ili mwanga utoke mweupe.

Sasa hesabu. Balbu ya waya kwenye tochi ya mawe mawili hula kama miliampea 300 hadi 500. LED ndogo moja hula karibu 20, kwa hivyo tatu hula 60. Tuseme mawe yenu yanaendesha balbu ya waya kwa saa tano. Ukitembea nusu saa kila usiku, siku ya kumi unarudi dukani. Mawe hayo hayo kwenye LED tatu yatakupeleka zaidi ya mwezi mmoja. Mwenye tochi ya bei rahisi ya waya analipa deni lake polepole kwa kununua mawe, na hajui.

Jiwe moja lina volti 1.5, na LED nyeupe inahitaji karibu volti 3. Ndiyo sababu tochi nyingi za LED huchukua mawe matatu. Jambo lingine: LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Ukigeuza mawe haitawaka, na mtu huenda akaitupa akidhani imekufa. Balbu ya waya haikujali hayo.

Je, zile tochi 20? LED zenyewe nyingi zilikuwa nzima. Kilichokufa ni betri. Ndani mlikuwa na betri ndogo ya risasi, ndugu ya betri ya gari. Betri ya namna hii ikiachwa bila chaji kwa wiki kadhaa huharibika, na hizi hazikuwa na kitu cha kuzuia chaji kuzidi. Wanachama wasio na stima walikuwa wakizipeleka sokoni mara moja kwa mwezi. Hapo basi. Tafadhali msiifungue tochi kama hiyo ikiwa bado kwenye stima, maana nyingine hupitisha umeme mkali mpaka ndani. Na betri ya risasi isichomwe wala kupasuliwa. Risasi ni sumu kwa watoto.

Betri ya lithiamu ni bora, lakini soma maandishi kwa akili. Ile ya mviringo iitwayo 18650, hata ikiwa nzuri sana, hubeba miliampea-saa 3500 au 4000 hivi. Ukiona imeandikwa 9900, mwandishi amekudanganya, na huenda amekudanganya na mengine pia.

Msihesabu wingi wa LED. Moja nzuri hushinda kumi dhaifu. Washeni tochi dukani, mwangaze sakafu hatua tatu mbele, kwa sababu ndiko mguu utakakokanyaga. Mwanga mwembamba unaofika mbali unamfaa mlinzi kuliko mama wa maziwa. Mhudumu wa afya achague mwanga usio wa buluu sana, ili aone damu na kidonda kwa rangi yake. Bonyezeni swichi mara ishirini. Muulizeni mwenye duka kama betri ikifa itapatikana nyingine. Akikosa jibu, rudisheni pesa mfukoni.

Kuhusu mawe: msichanganye mapya na yaliyochoka, na myatoe tochi ikikaa bila kazi, kwani hutoa maji yanayokula chuma. Kuyaanika juani tulifanya sote. Huongeza nguvu kidogo tu, halafu yanavuja.

Kile kikundi hakikukata tamaa. Safari hii kimenunua tochi tatu tu, za aina tatu, kikawapa wanachama watatu wanaotoka usiku kila siku. Wamekubaliana kungoja miezi mitatu kabla ya kuongeza. Moja imesharudi, swichi imelegea. Mbili bado zinawaka.