Ile ‘2’ ndogo inayokula maksi zako za Kemia

Weka ganda la yai kwenye glasi, kisha mimina siki. Subiri kidogo. Vipovu vitaanza kupanda kwa sababu ganda ni kalsiamu kaboneti, siki ni asidi, na zikikutana hutoa chumvi, maji na gesi ya kaboni dayoksaidi. Jiwe la matumbawe, lile lililojengea Fort Jesus kule Mombasa, lina tabia hiyo hiyo.

Sasa ingia maabara, tumia asidi ya haidrokloriki:

CaCO₃ + HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Wengi huishia hapo, wanafunga daftari. Ebu hesabu kwanza. Kulia kuna klorini mbili, kushoto moja. Haidrojeni nazo mbili kwa moja. Atomu hazizaliwi katikati ya mshale!

Hapa ndipo utashawishika kufuta ile 2 ya CaCl₂ ubaki na CaCl. Usithubutu. Kalsiamu ina mikono miwili, lazima ishike klorini mbili. Ukigusa nambari ndogo ya chini umebadilisha kitu chenyewe, ni kama kuambiwa uongeze chapati nawe ukaleta mandazi. Nambari huwekwa mbele tu:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Oksijeni iache mwisho. Tatu kushoto, kulia moja ya maji na mbili za gesi. Imetosha.

“Si ni maksi moja tu?” utauliza. Hata mimi nilidhani hivyo hadi mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne uliponinyoosha. Tulipewa sentimita 25 za ujazo za sodiamu kaboneti, nikatumia sentimita 20 za asidi ya 0.1M. Hiyo ni moli 0.002 za asidi. Kwa kuwa kila kaboneti moja hula asidi mbili, kaboneti ni moli 0.001, yaani 0.04M. Mimi nilisahau ile 2, nikapata 0.08M, mara mbili ya jibu, na kila hesabu iliyofuata ikaharibika. Nilisoma byureti vizuri kabisa, lakini wapi!

Tahadhari: usizoee kubandika 2 kila mahali. Ukibadilisha asidi iwe ya salfuriki:

Na₂CO₃ + H₂SO₄ → Na₂SO₄ + H₂O + CO₂

Hesabu mwenyewe. Hapo usiongeze kitu.