Chai Mpaka Mlangoni, Unga wa Dukani

Swali moja limekuwa likirudi kila mara tunapokutana na vikundi vya akina mama: je, mtu mwenye ekari moja na nusu, na ekari moja yote ni chai, anaweza kula kutoka kwa shamba lake mwenyewe? Sisi tunajibu kwamba anaweza kula sehemu kubwa, siyo yote, na asianze na ng'ombe. Tutaeleza kwa kufuata familia moja ya upande wa Bureti ambayo tumetembea nayo karibu miaka mitatu. Wamekubali tuseme habari zao, ila majina tumeyaacha.

Baba wa nyumba hiyo alichuma majani kwa kampuni miaka 22. Waliishi kambini, nyumba ya kampuni, maji ya bomba, watoto wanatembea dakika kumi kufika shule. Halafu mashine za kuchuma zikaja na kazi za mikono zikapungua. Hasira iliyokuwako mnaijua, mwezi wa Mei 2023 hapa Kericho mashine zilichomwa moto. Huyu mzee hakuenda kuchoma kitu. Alipewa pesa zake za kuacha kazi, akarudisha ufunguo wa nyumba, wakapakia vitanda na kuku wanne kwa pikapu. Watu saba wakaja nyumbani.

Lakini nyumbani penyewe palikuwa nini? Palikuwa shamba la marehemu baba yake, aliyepanda chai wakati ule wa Mamlaka ya Ustawi wa Chai, iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo na kugeuzwa kuwa kampuni mwaka 2000. Wazee wetu walipanda kwa bidii kweli. Kwa nafasi ya futi 5 kwa futi 2 na nusu, ekari moja inabeba mashina karibu 3,500. Kwa boma hili mashina yalifika hatua sita tu kutoka mlango wa jikoni. Ile nusu ekari iliyobaki ilikuwa na nyumba, choo, mikalitusi na nyasi za kufunga ndama.

Kazi ya kwanza tuliyowapa haikuwa ya jembe. Tuliwaomba waandike kwa daftari la shule kila kitu kinachonunuliwa kwa mwezi mmoja. Mama ndiye aliandika. Unga, maharage, sukuma wiki, vitunguu, maziwa, mafuta, sabuni, chumvi, sukari. Na majani ya chai ya pakiti! Tulicheka sote, hata mzee. Sisi wenye chai huuza majani mabichi kituoni halafu tunayanunua tena dukani. Lakini kicheko kiliisha tulipojumlisha. Malipo ya kila mwezi ya majani yalikuwa yanaishia kwa vyakula, na bonasi ya mwaka ilikuwa tayari imeliwa kwa daftari lingine, lile la mwenye duka.

Hapo mzee akasema, basi ning'oe chai yote nipande mahindi. Mama akakataa. Wakakasirikiana wiki nzima na sisi tukaitwa kusuluhisha.

Tulimwambia hivi. Mzee, chai ukiing'oa leo na kesho ukajuta, mche mpya utakukalisha karibu miaka mitatu kabla hujachuma vizuri. Pili, huku juu kwenye baridi mahindi yanakaa shambani miezi saba na zaidi. Watu saba wanaweza kumaliza gunia la kilo 90 kwa mwezi mmoja hivi, kwa hiyo hata ungelima nusu ekari yote, unga wa mwaka mzima haungetoka hapo. Tatu, mkumbuke yaliyotokea Bomet. Septemba 2011 ugonjwa mpya wa mahindi ulionekana kwa mara ya kwanza Kenya, huko Longisa. Ni virusi viwili vinavyoingia mmea mmoja pamoja. Majani yanakauka kuanzia pembeni, na gunzi linatoka bila punje. Mmea ukishashikwa hakuna dawa. Aliyekuwa na mahindi peke yake alibaki mikono mitupu. Ndiyo maana wakulima walishauriwa kutumia mbegu iliyothibitishwa na kubadilisha shamba kwa misimu, wapande viazi, maharage, vitunguu au mboga badala ya mahindi juu ya mahindi.

Mwishowe walikubaliana kung'oa mistari sita tu, ile ya karibu na jikoni. Chai iliyobaki inaendelea kulipa karo.

Sasa tuseme kosa letu. Tuliwaambia wapande maharage mara moja pale palipong'olewa. Yaliota, yakawa ya manjano, yakadumaa. Tulikuwa tumesahau jambo ambalo tulifundishwa chuoni: chai hupenda udongo mchachu, na mbolea ya chai ikitiwa miaka mingi huongeza uchachu huo. Maharage hayapendi hivyo. Mama alipoteza mbegu kilo nne na hakutuficha uchungu wake. Kwa hiyo ninyi mkitaka kufanya kama wao, anzeni na viazi vitamu au viazi vya kizungu, ambavyo vinavumilia. Pelekeni udongo upimwe. Tieni chokaa ya shamba kulingana na vipimo, na samadi iliyooza vizuri. Jivu la jikoni pia husaidia, kidogo kidogo. Wala msitumie ile mbolea ya chai kwa mboga, hata kama imebaki nusu mfuko na inauma kuiona imekaa.

Jikoni wametengeneza vitanda vya kuchimba mara mbili. Unatoa udongo wa juu jembe moja kwenda chini, unalegeza ule wa chini kwa uma, unachanganya na mboji, unarudisha. Ni kazi ya kuvunja mgongo, lakini inafanywa mara moja kwa misimu kadhaa. Hapo mna sukuma wiki, vitunguu, managu, majani ya malenge, na ile sagaa tunayoiita isagek, ambayo watoto waliokulia kambini walisema ni chungu. Bibi yao aliipika na maziwa na kuiacha ilale, wakanyamaza. Mvua kwetu hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo mboga hazikosekani. Adui ni mvua ya mawe, na Kericho tunaijua sana. Mwaka jana ilipasua kila jani, chai na sukuma pamoja, na majani ya kuchuma yakakosekana kwa wiki kadhaa. Viazi vilikuwa chini ya udongo, ndivyo vilivyowalisha.

Tumesema asianze na ng'ombe. Mzee alitaka kutumia pesa za kuacha kazi kununua wa gredi mara moja, maana Mkipsigis bila maziwa ya mursik ndani ya kibuyu anajiona kama mgeni kwake. Tunamwelewa! Lakini ng'ombe mkubwa wa gredi anakula kilo 60 au 70 za napia mbichi kwa siku na kunywa maji debe mbili, tatu au zaidi. Napia ikipandwa leo, inakatwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu au minne. Tumeona wengi wakinunua ng'ombe mwezi wa kwanza, wakanunua nyasi mwezi wa pili, na mwezi wa tano wakamuuza kwa hasara. Kwa hiyo aling'oa mikalitusi iliyokuwa inanyonya maji, akapanda napia hapo na kwenye kingo za mteremko ili pia ishike udongo. Pesa za ng'ombe ziko benki kwa majina mawili, lake na la mama.

Mwezi uliopita tulifungua daftari tena. Mboga, viazi, vitunguu na mayai hayako tena kwenye orodha. Unga upo, ila umepungua kwa sababu asubuhi wanakula viazi vitamu. Sukari ipo vilevile, hapo hatujashinda. Deni la duka limebaki kidogo, na mama anasema bonasi ijayo italimaliza.

Ng'ombe bado hajaja. Napia imekatwa mara mbili na kuuziwa jirani. Zizi lina paa tayari, na mzee amekwisha kuchagua jina.