Sauti ya Al-Inkishafi: Ni Nani Anayesutwa?

Tenzi za wazee wetu hazikutungwa zisomwe kwa macho tu, bali zilitungwa zisikike. Kwa hiyo msomaji akikosea sauti huweza kuigeuza maana yote, hata kama hakukosea neno moja.

Siku moja tulikuwa barazani katika nyumba ya mzee mmoja, naye akiwasomea vijana wake Al-Inkishafi. Alisoma kwa ukali, na kila alipofika penye swali alimkazia macho mwanawe mkubwa, ambaye siku zile alikuwa amenunua vyombo vya fahari. Kijana aliinama, kisha akaondoka kimya kimya. Mzee alidhani kuwa mwanawe amewaidhika. Sisi twaona kuwa alitahayari tu, na kutahayari siko kuonyeka.

Basi kosa lilikuwa wapi? Al-Inkishafi, yaani kufunuka kwa yaliyositirika, ilitungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mwanzoni mwa karne ya 19. Kila ubeti una mistari 4 ya mizani 10, na mstari wa mwisho hurejea kwenye kina kile kile tangu mwanzo hata mwisho, kama mtu arejeaye pale pale kwenye fikira moja isiyomtoka. Pate ilikuwa mji wa mali na enzi. Lakini enzi yake ilikuwa ikiporomoka, na vita vya Shela, yapata mwaka 1812, vilizidi kuivunja nguvu.

Mshairi atusimulia nyumba za mji huo. Azisifu taa zake, vitanda vyake na vyombo vya kichina vilivyopangwa katika zidaka za ukutani, hata msikilizaji atamani naye angalikaribishwa humo. Kisha, katika vyumba vivyo hivyo, atuonyesha popo wananing'inia, na katika zidaka zile zile ndege wamefanya makazi. Zidaka ziko pale pale. Waliobadilika ni wakaazi. Hicho ndicho kinaya: sifa kwa nje, na kilio kwa ndani. Halafu auliza wenyeji wako wapi, na hali ajua, nasi twajua, kuwa wako makaburini. Swali hilo halitaki jibu. Lataka moyo ushtuke.

Lakini moyo wa nani? Hapa ndipo alipoteleza mzee wetu. Sayyid Abdalla hakumnyoshea kidole jirani wala mtoto. Alisema na moyo wake mwenyewe, akiubembeleza na kuukemea, kama mtu anayemwonya ndugu yake mpenzi. Naye alikuwa mtu wa mji ule ule. Kejeli humcheka mwingine, na anayekejeli hujitoa nje. Kinaya cha Al-Inkishafi chamwanza msemaji mwenyewe.

Tena tukumbuke kuwa katika Kiswahili maneno "wamekwenda" huweza kuwa khabari au swali, na kinachotenga ni sauti tu. Nakala za kale za tenzi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, bila ya alama ya kuuliza. Msomaji ndiye aliyeaminiwa kuileta sauti hiyo. Ni amana.

Kwa hiyo twawashauri wazazi na vijana wasomao majumbani: zisomeni sifa za zile nyumba kwa utamu wake, wala msimdokeze mtu mapema kuwa zitaanguka. Mkifika penye popo na ndege, msipaze sauti, ishusheni. Na mkifika penye maswali, macho yasimwelekee mtu, bali mkono uwe kifuani mwa msomaji.

Lau yule mzee angalisoma hivyo, kijana angalimsikia babake akijihesabu nafsi yake, na huenda angalibaki kitako akajihesabu naye. Wala hatumlaumu mzee peke yake. Sisi tuliokuwapo barazani sote tulimgeukia kijana, na hapana hata mmoja wetu aliyejitazama. Utenzi ulikuwa ukituuliza sisi, nasi tukadhani waulizwa mwingine.

Wabillahi tawfiq.