Kaa Siti ya Nyuma Kabla Hujalipa

Mama mkwe wangu ana goti. Ndivyo anavyosema mwenyewe, "mimi nina goti, mwanangu," na nyumbani wote tunaelewa ni lile la kulia, linalokataa kupanda ngazi. Mwaka jana, katika yadi moja ya magari kando ya Barabara ya Morogoro, goti hilo lilitukatia shauri ambalo mimi na baba watoto tulikuwa tumelibishania kwa miezi mitatu.

Kijana wa yadi alitufungulia Prado nyeupe, safi, inang'aa. Mama akashika mkono wa mlango, akainua mguu, akaushusha. Akajaribu wa pili. Baba watoto akamshika kiwiko, akapanda. Kijana akasema siti za nyuma kabisa ndizo zimetulia kwa wazee, akalaza siti ya kati ili apite. Mama akatazama lile pengo la kupenya akiwa ameinama, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Hapo mtanitoa na winchi." Hatukucheka. Hatua kumi mbele ilikuwapo Noah ya rangi ya fedha. Mlango ukasukumwa nyuma, Mama akaweka mguu mmoja ndani, akageuka, akakaa. Akapanga kanga yake magotini kama aliyeketi sebuleni kwake.

Baba watoto alikuwa na Harrier moyoni, na simlaumu. Katika jiji hili Harrier imekuwa namna ya mtu kusema kwamba maisha yamemnyookea. Imetulia kwenye lami, inapendeza hata ikiwa imeegeshwa. Lakini ina siti tano, na sisi tuko wanane: wazazi wawili, watoto wanne, dada anayetusaidia nyumbani, na Mama anapokuja kutoka Iringa kukaa nasi miezi ya baridi. Kabla ya gari hili, kwenda ibada Jumapili ilikuwa safari mbili, na mara nyingine wadogo walipanda bodaboda mshikaki, mmoja mbele ya dereva na mwingine nyuma. Nikikumbuka lori za mizigo zinavyopita barabara ile, mwili unanisisimka mpaka leo.

Nimejifunza jambo moja katika ununuzi huu, na nalisema kwa kila anayeniuliza. Anayelipa hukaa mbele. Anashika usukani, anawasha, anasikiliza injini, anabonyeza kioo kipande na kushuka. Familia itakaa nyuma miaka kumi, na siku ya kununua hakuna aliyekwenda kukaa huko. Kwa hiyo ukifika yadi, mpe mwenzako usukani, ingia mstari wa tatu, funga mlango, mzunguke dakika ishirini. Utajua mambo ambayo dalali hatakwambia: magoti yako yanafika wapi, kama kuna tundu la kiyoyozi juu ya kichwa chako (kioo cha dirisha la huko nyuma kwa kawaida hakifunguki), kama mkanda wa siti ya katikati ni wa mabegani au wa kiunoni tu. Angalia pia umbali kati ya kisogo chako na mlango wa buti. Katika magari mengi ya siti saba umbali huo ni mdogo sana, na hapo ndipo tunapowakalisha watoto.

Ndiyo maana sina haraka ya kumsifia mtu gari refu la juu eti kwa sababu limeandikwa siti saba. Vanguard ni gari zuri, nimeendesha ya rafiki yangu, lakini siti zake mbili za mwisho ni za watoto. Mtu mzima hukaa pale magoti yakiwa kifuani. Kluger nayo ni hivyo hivyo. Wish ina siti saba na inabana mafuta, ila iko chini, na kwa Kibamba, tunakoishi, hiyo ni habari nyingine nitakayoifikia. Sienta, yenye injini ndogo ya lita moja na nusu na milango ya kusukuma, ningempa mwenye watoto wawili na mzazi mmoja anayeishi karibu na lami.

Noah zenyewe si gari moja, na hapa wengi hupotea. Ya kwanza, ile ya mwaka 1996 hadi 2001, ina injini chini ya siti za mbele. Ukitaka kuikagua unainua siti, na kwenye foleni ya mchana joto lake linapanda mpaka mapajani. Pua yake ni fupi, na ikigonga, miguu ya dereva iko karibu mno na kilichogongwa. Ya pili, kuanzia 2001, ilihamisha injini mbele na kushusha sakafu, ikawa rahisi kwa wazee kupanda, lakini injini yake ni ile mafundi wanayoiita D4, inayopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda na isiyovumilia mafuta machafu. Ya tatu, iliyoanza 2007, haina D4. Hiyo ndiyo tuliyonunua, na ndiyo ninayoiona inafaa nyumba nyingi za huku: siti nane, sakafu ya chini, na siti za mwisho zinazokunjwa na kuning'inizwa ubavuni ukitaka kubeba kabati au magunia. Voxy ni pacha wake, tofauti kubwa iko usoni. Alphard ina starehe kuliko zote hizo, viti vyake mtu anaweza kulala, lakini ni nzito, inakunywa, na kodi yake ni ya kundi jingine.

Sasa Kibamba. Asiyeijua atadhani ni kituo tu cha njiani kuelekea Kibaha. Zamani tulikuwa Kinondoni, sasa tuko Manispaa ya Ubungo, kama kilomita 25 kutoka Posta, katikati ya jiji. Barabara kuu imepanuliwa. Kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19 na ushei, sasa ni njia nane, na wengi wetu tunakumbuka nyumba zilizobomolewa mwaka 2017 kuipisha. Kwenye lami hiyo kila gari ni zuri. Sedani ya chini inateleza kama mtumbwi. Ila hatuishi kwenye lami. Tunaishi Gogoni, Kibwegere, Hondogo, kwenye vilima na mabonde, na kati ya lami na geti kuna kilomita moja au mbili za udongo. Kiangazi ni vumbi jekundu linaloingia kwenye reli za milango ya kusukuma mpaka milango inakwama. Tunasafisha kwa brashi ya viatu kila Jumamosi. Masika, Machi hadi Mei, maji yanachimba mfereji katikati ya njia, na magurudumu ya malori ya kokoto yanaongeza mifereji mingine miwili.

Kabla ya kununua niliitembea njia yetu kwa miguu, mwezi wa nne, nikiwa na rula ya shuleni ya mwanangu. Majirani walidhani napimia kiwanja. Noah yetu ina nafasi ya kama sentimita 16 kati ya tumbo lake na ardhi, ikiwa tupu. Wapandishe watu wanane na kiroba cha mahindi, unaongeza karibu nusu tani, springi zinakaa, na nafasi inapungua. Prado ina zaidi ya sentimita 20 na chesisi ya chuma chini yake. Sehemu mbili za njia yetu zilinitia shaka: mteremko kabla ya kalavati, na tuta la mizizi ya mwembe. Tukachanga na nyumba sita, tukamwaga kifusi lori mbili. Ilitugharimu kidogo sana ukilinganisha na tofauti ya bei kati ya Noah na Prado, na sasa bajaji pia zinafika.

Lakini niseme wazi, kuna nyumba ambazo ushauri wangu hauzifai. Jirani mmoja anakaa ng'ambo ya bonde, na masika maji yanapita juu ya njia yake. Mtoto wake ana ugonjwa unaowapeleka hospitali ya Mloganzila usiku bila kutarajia. Huyo anahitaji gari linalovutwa na magurudumu yote manne, hata la zamani, hata kama bibi atapandia kigoda. Tulikuwa tukimwita mpenda makuu kwa sababu ya Prado yake ya miaka ya tisini. Nilipoiona njia yake mwezi wa nne niliona haya.

Wapo wanaoinua Noah kwa kuweka vipande juu ya springi. Nimewauliza mafundi wawili kwa nyakati tofauti, wote wakasema gari likiinuliwa hivyo linayumba zaidi kwenye kona likiwa limejaa, na viungo vya ekseli za mbele vinakwisha mapema. Gari lenye watoto nyuma, mimi siliinui.

Kodi nitaipitia upesi. Tanzania haikatazi gari kwa umri kama Kenya, ambako lililozidi miaka minane haliingii; sisi tunalitoza. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa hupanda ukubwa wa injini ukivuka sisi (cc) 2,000: kutoka asilimia 5 hadi 10. Gari likipita miaka minane linaongezwa asilimia 15, likipita kumi asilimia 30, na tozo hizi zinapandiana moja juu ya nyingine. Noah ya lita mbili ina sisi 1,986, iko chini ya mstari. Vanguard na Alphard za sisi 2,362 ziko juu yake. Fungua kikokotoo cha mamlaka ya mapato, TRA, mwenyewe kabla ya kutuma hata senti Japani, maana viwango hubadilika na bajeti, na thamani inayotumika ni ile ya TRA, si lazima ile iliyoandikwa kwenye ankara yako.

Ukinunua hapa nchini, tazama kadi. Arusha na Moshi Noah zimebeba abiria kwa miaka mingi, na baadhi huuzwa baadaye kama gari la nyumbani. Sahani ya namba nyeupe ni ya biashara na ya njano ni ya binafsi, lakini sahani hubadilishwa. Reli ya mlango iliyolika na vitambaa vya siti vilivyoshonwa upya havidanganyi. Tazama tairi pia. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari mengine hushuka bandarini na tairi za theluji, laini, zenye mipasuo midogo midogo, zilizotengenezwa kwa baridi ya Hokkaido. Kwenye joto la lami ya Chalinze, gari likiwa na watu wanane, tairi hizo ni hatari. Zetu tulizibadilisha wiki ya kwanza, kabla hata ya kubadilisha redio, ambayo ilikuwa haishiki stesheni yoyote juu ya 90.

Na gereji. Gia ya Noah hii ni ya mkanda, CVT, na ina oili yake peke yake. Fundi wa kwanza tuliyempelekea alikuwa ameshashika galoni ya oili ya kawaida ya gia otomatiki. Nilimzuia kwa sababu nilikuwa nimesoma kijitabu. Mwingine alitaka kutoa temostati ili injini "ipoe vizuri" na kujaza rejeta maji ya bomba. Nilikataa. Kutu inayoletwa na maji hayo utaiona miaka miwili baadaye, ukiwa Mikumi na jua la saa nane.

Mafuta ndiyo yaliyotufundisha adabu. EWURA, wadhibiti wa nishati, hutangaza bei Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na tangu lita ilipovuka shilingi 3,000 mwaka 2022 nyumbani tunaisubiri Jumatano hiyo kwa daftari. Kwa hesabu yangu, kwenda na kurudi Posta kwenye foleni kunakula lita sita na zaidi. Kwa hiyo siku za kazi Noah inapeleka watoto shule na kurudi; sisi tunapanda daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi. Tulifikiria kuweka mfumo wa gesi asilia, kazi ambayo chuo cha DIT wanaifanya, na hesabu yake inavutia. Tatizo ni mtungi. Unakaa palepale nyuma ya mstari wa tatu, kwenye kijisehemu cha mizigo ambacho tayari ni kidogo, au unalazimika kuondoa siti mbili. Sikununua siti nane ili nibaki na sita.

Mwezi wa sita tulikwenda Stendi ya Magufuli kumpokea Mama. Alishuka na mfuko wa viazi, ndoo ya asali, na kuku wawili kwenye tenga. Nilishika usukani. Mama akaingia kwa mguu mmoja kama siku ile, akakaa katikati, wajukuu pande zote. Siti ya mbele ikabebeshwa ndoo na tenga, na baba watoto, kwa mara ya kwanza tangu tununue gari hilo, akaenda kukaa mstari wa tatu pamoja na dada na kifungua mimba wetu.

Tulipoacha lami na kuanza kushuka kuelekea kwenye kalavati, nikamsikia akiniita.

"Mama watoto, simama kidogo. Huku nyuma kushoto panagonga."

Mbele sikuwa nimesikia kitu. Jumatatu fundi akaingia uvunguni: shokapu ya nyuma kushoto ilikuwa imevuja yote.