Mwalimu wa Kilimo Naye Apumzike

Mvua za Nyanda za Juu Kusini hazifuati kalenda ya shule. Katika Mbeya na Iringa huanza kunyesha Novemba na huendelea hata Aprili au Mei. Mahindi yaliyopandwa kwa mvua za kwanza hudai palizi na mbolea ya kukuzia Desemba na mwanzoni mwa Januari, wakati shule zimefungwa. Mavuno nayo huangukia karibu na likizo ya Juni. Na ng'ombe wa maziwa hukamuliwa asubuhi na jioni, iwe Jumapili au sikukuu.

Basi twauliza: mwalimu wa kilimo apumzike lini?

Swali hili si dogo. Mwalimu huyo naye ana nyumba, ana shamba lake, ana watoto wanaotaka kumwona. Akiachiwa shamba la shule peke yake, hatimaye ama atachoka aombe kazi nyingine, ama shamba litamezwa na magugu. Hasara itakuwa ya wanafunzi, na itakuwa ya Taifa, hasa sasa ambapo sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 imeyapa uzito mafunzo ya amali.

Walimu waliodumu katika kazi hii wana mambo matatu ya kutufunza.

La kwanza ni kiasi. Ekari moja iliyopaliwa kwa wakati yafundisha kuliko ekari 10 za magugu. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, mahindi machanga hayana budi kukaguliwa mara kwa mara. Nani atakagua shamba asiloweza kulizunguka?

La pili ni zamu. Ratiba ya likizo ipangwe Oktoba, kabla ya mvua, mbele ya mkuu wa shule, na kila mtu aandikiwe siku zake. Walimu wa masomo mengine nao wamo, kwani shamba ni la shule nzima.

La tatu ni daftari. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao. Shamba lililoandikwa daftarini laweza kushikwa na mwingine; lililomo kichwani mwa mtu mmoja humfunga mtu huyo.

Wako watakaosema kwamba mkulima wa kweli hapumziki. Sisi hatukubali. Mkulima wa kijijini hualika jirani zake siku ya palizi, na wala haoni haya, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa shule, bodi na wazazi wa mikoa hii: ratiba ya zamu ibandikwe ukutani kabla ya mvua za Novemba, na jina la mwalimu wa kilimo lisijaze kila mstari.